Kuni za Shamba la Mikarafuu

Walioandika tarehe ya karafuu za Unguja na Pemba wamehesabu zaidi frasila na bei, wala si ajabu, kwani hizo ndizo zilizopita forodhani. Kuni hazikupita huko. Walakini mavuno, ambayo mara nyingi huenea kati ya Julai na Januari, hayakuwezekana bila ya kuni. Wachumaji wengi walitoka mbali, wakakaa shambani siku nyingi, wakilipwa kwa pishi. Na asiyepata chakula cha moto jioni hapandi mti asubuhi.

Mkarafuu una matawi mepesi ya kuvunjika. Mchumaji akilivuta tawi kwa ngoe ili ayafikie mashada ya nchani, huenda likakatika, ikawa hasara ya mwenye shamba na faida ya jiko. Karafuu zenyewe hazikuhitaji moto. Zilichambuliwa makonyo, zikaanikwa juani juu ya majamvi, na zikinyeshewa zikawa mpeta, yaani duni. (Mnazi, jirani wa mkarafuu, una bahati zaidi: mbata hukaushwa kwa makumbi na vifuu vyake wenyewe.)

Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ila Pemba ilinusurika zaidi. Mali ya miaka mingi ikawa kuni, na mche mpya hauzai ila baada ya miaka kadhaa.

Sheria ya 1897 ilipoondoa hali ya utumwa, wengi waliokuwa watumwa walibaki mashambani kama wakaaji. Walipalilia chini ya mikarafuu, nao wakaruhusiwa kupanda muhogo na mazao mengine ya muda, si miti. Maana pwani mti huweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi, na mwenye kupanda mti angeweza kudai haki ya kudumu. Ukuni ulioanguka haukumpa mtu dai lolote. Kwa hiyo, yaelekea, ndio uliokuwa rahisi kuachiwa mkaaji, na ndio uliokuwa rahisi kunyimwa.

Baada ya uchaguzi wa Julai 1957, siasa zilipoingia mashambani, wenye mashamba kadhaa waliwafukuza wakaaji wao. Aliyefukuzwa aliuacha muhogo ardhini, na wanawake wa nyumba yake wakaikosa njia ya kuendea kuni. Mwaka 1964 serikali ya Mapinduzi iliitwaa ardhi yenyewe, na mwaka uliofuata eka tatu tatu zikaanza kugawiwa.