Baruti ya Gazi

Msomaji, ukitoka Diani kwa njia ya Msambweni utapita Gazi, kijiji cha minazi na mikoko kando ya bahari. Hapo ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, ambao Seyyid Said aliwanyang'anya Mombasa mwaka 1837. Nyumba yake ilikuja kugeuzwa shule. Ukiitazama, jiulize: mtu asiyekuwa na kiwanda cha bunduki aliwezaje kuwaasi masultani wa Unguja mara kadhaa, na mwisho kupigana na Waingereza?

Jawabu limetoka Ulaya. Tangu 1866 hivi majeshi ya huko yalikuwa yakibadili silaha. Magobori ya kushindiliwa mdomoni yalitupwa, zikashikwa bunduki za kutiliwa risasi nyuma; nazo hazikukaa sana, zikaja zile zijazwazo mara moja na kupiga mara nyingi. Kila badiliko liliacha bunduki kuukuu kwa malaki, na wafanya biashara wakazileta Unguja, ambako misafara ya pembe ilizinunua. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza huko, alikisia kwamba 80,000 hadi 100,000 ziliingia barani kila mwaka. Wala usidhani zote zilikuwa za vita. Gobori lilifukuza nguruwe shambani, na lililia arusini.

Ndipo mataifa yalipokutana Brussels na kutia sahihi mkataba wa tarehe 2 Julai 1890, ulioanza kutumika 1892. Toka digrii 20 kaskazini mpaka 22 kusini, bunduki na baruti zisiingie ila kwa idhini. Zitakazoingia ziwekwe katika ghala ya serikali. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa, na ilikuwa sababu ya kweli. Lakini askari wa serikali hizo hawakuzuiwa, na Liège, mji wa nchi hiyohiyo ya Ubelgiji, ulikuwa umetajirika kwa kuunda bunduki za kuuzwa ng'ambo.

Sasa angalia jambo moja. Bunduki mpya haina maana bila viasi vyake, yaani risasi zilizofungwa pamoja na baruti na fataki, na viasi kwa kawaida hufanywa kiwandani. Gobori halichagui: hula baruti yoyote na kipande chochote cha chuma. Kwa hiyo sheria iliwabana zaidi wenye bunduki bora. Wenye magobori walikuwa na akiba majumbani, wala mkataba wa Brussels haukuweza kuingia katika kila banda la Udigo kuhesabu mapipa. Isitoshe, Kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani tangu 1888 ilikuwa ikimlipa Mbaruk posho ili atulie.

Mwaka 1895 liwali wa Takaungu akafa. Kampuni ikamweka mrithi iliyempenda, na mwenzake aliyenyimwa, ambaye naye aliitwa Mbaruk, akaasi. Yule wa Gazi akawapokea jamaa zake. Akatakiwa awatoe, asikubali. Tarehe 1 Julai serikali ya Uingereza ikashika nchi kutoka mkononi mwa Kampuni, na mwezi huohuo Gazi ikatwaliwa. Tarehe 17 Agosti Admirali Rawson, ambaye mwaka uliofuata alilipiga kwa mizinga jumba la Sultani Unguja, aliiteka Mwele, ngome ya Mbaruk katika milima ya Shimba.

Hata hivyo vita havikwisha. Watu wa Mbaruk walipigana vichakani miezi mingi, hata ikabidi kuletwa jeshi kutoka Bara Hindi, Machi 1896. Mimi naona hapo ndipo mkataba wa Brussels ulipouma, si kabla. Akiba huwezesha kuanza vita. Kuendelea kwahitaji nyongeza, na bahari ilikuwa mikononi mwa manowari. Waingereza waliletewa viasi kwa meli. Mbaruk alikuwa na kile alichoondoka nacho Mwele.

Aprili 1896 alivuka mpaka na mamia ya watu wake kuingia nchi ya Wadachi, akajisalimisha kwa Gavana Wissmann. Silaha zikawekwa chini. Aliishi Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910.