Mlango wa Kuingia na Mlango wa Kutoka: Kanuni za Shule ya Msingi na Nafasi ya Mzazi Tanzania Bara, 1961–2021

1.0 Utangulizi

Kanuni za shule ya msingi ni miongoni mwa sheria za kwanza ambazo mtoto wa Kitanzania hukutana nazo nje ya nyumba yao. Huzitii kabla hajaweza kuzisoma. Hufika mapema na kufagia eneo alilopangiwa, hupanga mstari kengele inapolia, hukaguliwa kucha, nywele na sare na mwalimu wa zamu, kisha jina lake huitwa na kutiwa alama katika daftari la mahudhurio. Mzazi naye ana kanuni zake. Anatakiwa kumwandikisha mtoto kwa wakati, kumnunulia sare na madaftari, kuhudhuria vikao vya wazazi na kutoa taarifa mtoto anapougua. Kwa kuwa mambo haya hurudiwa kila siku, huchukuliwa kuwa utaratibu wa kawaida usiohitaji maelezo.

Insha hii inayachukulia kuwa zao la historia. Inachunguza kanuni za shule ya msingi Tanzania Bara tangu uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 hadi mwaka 2021, kwa kuzingatia makundi mawili ya kanuni: zile zinazomwingiza mtoto shuleni na kumbakiza humo, na zile zinazomtoa. Hoja kuu ni kwamba makundi haya mawili hayakukua kwa pamoja. Kwa miongo sita Serikali iliupanua mlango wa kuingilia kwa kuifanya elimu kuwa ya lazima na kwa kuondoa ada. Mlango wa kutokea, kwa upande mwingine, uliachwa kwa muda mrefu chini ya maneno mapana ya kanuni na uamuzi wa uongozi wa shule. Katika makundi yote mawili mzazi alitajwa zaidi kama mtu wa kuwajibishwa na kuchangia kuliko kama mtu wa kushauriwa.

2.0 Usuli: Shule kama Nafasi ya Wachache

Ili kuelewa uzito wa mabadiliko yaliyofuata, ni muhimu kutazama hali iliyorithiwa. Chini ya utawala wa Waingereza, shule ziligawanywa kwa misingi ya rangi, na sehemu kubwa ya elimu ya Waafrika iliendeshwa na misheni kwa ruzuku ya Serikali. Mtoto wa Kiafrika aliyefanikiwa kuanza shule alikabiliwa na vizuizi viwili vikubwa. Kwanza, mzazi alitakiwa kulipa ada. Pili, mtihani wa darasa la nne uliwachuja wengi kabla ya kuingia shule ya kati. Hadi mwaka 1961, shule za msingi zilikuwa na wanafunzi takriban 486,000 tu katika nchi nzima.

Katika mazingira hayo, kanuni haikuwa na haja ya kumlazimisha mzazi, kwa sababu nafasi zenyewe zilikuwa chache kuliko watoto. Shule ilichagua, na mzazi aliomba. Mtoto aliyeshindwa kulipiwa ada alirudi nyumbani bila shule kuhitaji kumfukuza. Kwa maneno mengine, umaskini wa kaya ulifanya kazi ambayo baadaye ingefanywa na kanuni za nidhamu.

Sheria ya Elimu iliyotungwa mwaka 1961 na kuanza kutumika mwaka 1962 iliondoa mgawanyo wa rangi katika mfumo wa shule. Sheria ya mwaka 1969 iliziweka chini ya usimamizi wa Serikali shule zilizokuwa zikiendeshwa na mashirika ya dini kwa ruzuku. Hatua hizi mbili zilijenga msingi wa kuwa na kanuni zinazofanana kwa watoto wote. Hata hivyo, hazikutosha kuongeza nafasi wala kumpunguzia mzazi mzigo wa gharama.

3.0 Kutoka Ombi hadi Wajibu: 1967–1978

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Andiko hilo liliitaka shule ya msingi itoe elimu iliyokamilika yenyewe, badala ya kuwa ngazi ya kuwaandaa wachache kwa ajili ya sekondari. Katika maisha ya kila siku, falsafa hii ilibadili ratiba ya mwanafunzi. Shamba la shule, ufugaji na kazi za mikono vikawa sehemu ya elimu, na utii wa mtoto ukapimwa kwa jembe sawa na ulivyopimwa kwa daftari. Wazazi nao walitarajiwa kuiona shule kuwa mali ya kijiji, jambo lililomaanisha pia kwamba walitarajiwa kuijenga.

Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma liliweka lengo la kuwapatia watoto wote elimu ya msingi kufikia mwaka 1977, badala ya kusubiri miaka mingi zaidi kama ilivyokuwa imepangwa awali. Matokeo yalikuwa makubwa. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3.5 mwaka 1983. Wanavijiji walifyatua matofali, walijenga madarasa na nyumba za walimu, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini ili kuziba pengo la walimu.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliipa hali hii nguvu ya kisheria. Kwa mujibu wa kifungu cha 35, kila mtoto aliyetimiza umri wa miaka 7 na ambaye hajatimiza miaka 13 alipaswa kuandikishwa katika elimu ya msingi, na mzazi au mlezi alipewa wajibu wa kuhakikisha mtoto huyo anahudhuria masomo mpaka amalize. Hapa uhusiano wa zamani uligeuzwa. Mzazi aliyekuwa mwombaji akawa mtu anayeweza kushtakiwa. Daftari la mahudhurio, ambalo awali lilikuwa kumbukumbu ya mwalimu, likawa chanzo cha ushahidi. Mwalimu mkuu aliripoti utoro, na viongozi wa kijiji na kata walimfuatilia mzazi.

Wajibu huu haukuwaangukia wazazi wote kwa uzito uleule. Katika jamii za wafugaji, ambako familia huhama kutafuta malisho na maji, na katika kaya za wakulima ambazo hutegemea nguvu za watoto wakati wa palizi na mavuno, kalenda ya shule ilipingana na kalenda ya kazi. Kanuni ilitambua mahudhurio na utoro pekee, na haikuwa na safu ya kuandika sababu zilizotokana na namna ya kuishi. Hivyo, jambo ambalo kwa mzazi lilikuwa mgongano kati ya chakula na elimu, katika kumbukumbu za shule lilionekana kuwa ukaidi.

4.0 Gharama Zilizorudi kwa Majina Mengine

Mtikisiko wa uchumi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kuifanya elimu kuwa ya lazima na kuigharimia ni mambo mawili tofauti. Michango ya wazazi ilirejea kwa majina mbalimbali, na katika miaka ya 1990 uandikishaji ulizorota. Sheria iliyomlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shuleni iliendelea kuwepo, huku mtoto ambaye mchango wake haujalipwa akiweza kurudishwa nyumbani kuufuata. Mzazi maskini alijikuta kati ya makosa mawili: kosa la kutompeleka mtoto na kosa la kumpeleka bila mchango.

Ada na michango ya lazima ilifutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza kutekelezwa mwaka 2002 hadi 2006. Uandikishaji uliongezeka kutoka wanafunzi takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Mpango huo uliipa kamati ya shule, yenye wawakilishi wa wazazi, majukumu ya kupanga na kusimamia matumizi ya fedha za ruzuku. Kwa watoto waliokuwa wamepita umri wa kuanza darasa la kwanza, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa (MEMKWA) ulifungua njia ya pembeni ya kuingilia.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulitangaza elimumsingi bila malipo, na utekelezaji ulianza Januari 2016. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua mgawanyo wa majukumu. Serikali ilibeba gharama za uendeshaji, na mzazi alibaki na jukumu la sare, madaftari na kalamu, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Ufafanuzi huo ulikuwa muhimu kwa sababu uliandika wazi kile ambacho awali kiliachwa katika mazoea. Aidha, ulidhihirisha kwamba neno “bila malipo” lilihusu ada na michango ya lazima, wala halikuwa na maana kwamba mtoto angeweza kusoma bila kaya kutumia fedha. Kanuni ya sare, inayoonekana kuwa ya usawa kwa sababu huwavalisha watoto wote vazi moja, kwa kaya isiyo na kipato cha uhakika ilibaki kuwa kizuizi cha mlangoni.

5.0 Fimbo na Kitabu cha Kumbukumbu

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979 ziliruhusu adhabu hiyo kwa masharti. Mwaka 2000 idadi ya juu ya viboko ilipunguzwa kutoka 6 hadi 4, na Kanuni za mwaka 2002 ziliendeleza ukomo huo. Kwa mujibu wa Kanuni hizo, adhabu itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Izingatie uzito wa kosa, umri, jinsi na afya ya mwanafunzi. Msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike isipokuwa pale ambapo hayupo. Na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu.

Masharti haya yanastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa yanaonyesha kwamba mtunga kanuni alitambua hatari ya fimbo na akakusudia kuidhibiti kwa maandishi. Tatizo lilikuwa kwamba mlinzi wa masharti hayo alikuwa shule yenyewe. Kitabu kilitunzwa na ofisi ileile iliyotoa adhabu, na mzazi alijua kilichotokea pale tu mtoto aliporudi nyumbani na alama mwilini. Kifo cha mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera mwezi Agosti 2018 baada ya kuchapwa, na hukumu ya Mahakama Kuu iliyomtia mwalimu hatiani kwa mauaji mwaka 2019, vilileta suala hili mbele ya umma. Mahakama ilishughulikia kosa baada ya kutendeka. Kanuni ndiyo iliyopaswa kulizuia.

6.0 Mlango wa Kutokea: Kanuni za 2002 na Waraka wa 2021

Mkinzano mkubwa kuliko yote ulikuwa katika Kanuni za kuwafukuza na kuwaondoa wanafunzi shuleni za mwaka 2002. Kanuni hizo ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa utovu wa nidhamu wa kukusudia na wa kurudiarudia, kwa makosa ya jinai kama wizi na matumizi ya dawa za kulevya, kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa kufunga ndoa. Ujauzito haukutajwa kwa jina. Hata hivyo, ulitafsiriwa kuwa kosa dhidi ya maadili, na wasichana waliondolewa shuleni kwa msingi huo. Kuondolewa kwa wasichana wajawazito kulikuwa desturi ya miongo kadhaa. Maneno mapana ya mwaka 2002 yaliipatia desturi hiyo kifuniko cha kisheria. Katika baadhi ya shule wasichana walipimwa ujauzito, ingawa Kanuni hizo hazikuwa na sharti la vipimo hivyo.

Kwa msichana wa shule ya msingi mkinzano huu ulikuwa dhahiri. Sheria ya 1978 ilimtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria mpaka amalize. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyohiyo ziliruhusu shule imzuie mtoto huyo asihudhurie. Kwa kuwa suala la elimu ya msingi si la Muungano, Zanzibar ilichukua mwelekeo tofauti na kuruhusu wasichana kurejea shuleni baada ya kujifungua tangu mwaka 2010. Upande wa Bara, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, lakini hayakumrejesha mwanafunzi darasani. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba wasichana waliojifungua hawatarudi katika shule za Serikali.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuondolewa kwa zuio hilo, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukaweka utaratibu wa kuwarejesha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwa mojawapo. Hii ilikuwa mara ya kwanza katika kipindi kinachochunguzwa kwa utaratibu wa kurudi kupewa uzito unaokaribia ule wa utaratibu wa kuingia. Hata hivyo, waraka ni maelekezo ya kiutawala na hauna uwezo wa kufuta kanuni. Maneno “kosa dhidi ya maadili” hayakufutwa na waraka huo.

7.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba kanuni za shule ya msingi Tanzania Bara zilifanikiwa kwa kiasi kikubwa kuigeuza elimu kutoka nafasi ya wachache kuwa wajibu wa wote. Mafanikio hayo yalitokana na sheria, fedha za umma na nguvu za wazazi waliojenga madarasa kwa mikono yao. Wakati huohuo, kanuni zilimtaja mzazi kwa ukamilifu pale alipotakiwa kuandikisha, kulipa au kujibu mashtaka, na kwa uhafifu pale mtoto wake alipoadhibiwa au kuondolewa. Kamati ya shule ilimpa sauti katika masuala ya majengo na ruzuku, bila kumpa sauti ya kiwango hicho katika masuala ya nidhamu.

Inafuata kwamba ubora wa kanuni za shule haupaswi kupimwa kwa idadi ya watoto walioandikishwa Januari pekee. Kipimo kingine ni namna shule inavyomtendea mtoto anayetaka kumwondoa: iwapo kosa lake limefafanuliwa, iwapo mzazi wake amesikilizwa, na iwapo ipo njia ya kurudi. Kwa kipimo hicho, Waraka wa 2021 ni hatua kubwa ya kihistoria, na kazi ya kuoanisha maneno ya kanuni na shabaha ya sheria iliyoifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima ilibaki mbele ya watunga kanuni.