Mlango wa Nyumba na Uongozi katika Kanisa la Mwanzo

Kanisa la mwanzo halikuwa na majengo yake ya ibada. Waumini walikutana majumbani. Mwalimu msafiri alitegemea mwenye nyumba amfungulie, na hivyo ukarimu ukawa suala la uongozi. Katika Waraka wa Tatu wa Yohana, Gayo anasifiwa kwa kuwapokea ndugu wageni, ilhali Diotrefe, anayeelezwa kuwa mpenda ukubwa, anawakataa na kuwafukuza kanisani wanaotaka kuwapokea.

Wengi humlaumu Diotrefe moja kwa moja. Mimi nasita kidogo, maana tumesikia upande mmoja tu, na walaghai walikuwepo. Didake, mwongozo wa kale ambao nakala yake iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873, unaagiza mtume apokewe kama Bwana mwenyewe. Lakini akikaa siku 3, ni nabii wa uongo, na akiomba fedha vilevile. Mgeni mwenye ufundi akitaka kuhamia, afanye kazi ndipo ale. (Wahenga wetu waliompa mgeni jembe siku ya tatu wangeelewana nao.) Lakini Didake iliwapa waumini wote kipimo cha kumpima mgeni. Diotrefe, kwa jinsi waraka unavyomweleza, alijifanya yeye ndiye kipimo, akawaadhibu wenzake kwa kutaka kufungua milango yao wenyewe.