Nauli ya Manamba

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani.

Wakataji wa mkonge nao walikuja kuhesabiwa. Muha wa Kigoma, Mbena wa Njombe, Mmakonde aliyevuka Ruvuma, kila mmoja alipewa namba, na jina la manamba likawaganda. Ujira ulikwenda kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukutimiza matita yako haikuandikwa. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyowaleta kwa mkataba na kuwarudisha ukiisha. Hesabu ilikuwa kwamba manamba ni mpita njia. Uzee wake ungeangaliwa na wa kwao. Mwajiri alidaiwa nauli.

Wengi hawakurudi. Walioa, wakazaa, wakalima mihogo pembeni mwa kambi, na mikono ikawachokea huko huko Korogwe, Muheza na Pangani.

Mwaka 1958 wakataji wa shamba la Mazinde waligoma zaidi ya miezi miwili wakitaka chama chao kitambuliwe. Baada ya Uhuru sheria zikafuatana: ya kiinua mgongo mwaka 1962, kisha ya Mfuko wa Akiba wa Taifa, NPF, mwaka 1964, wakati nchi ikivuna tani kama 230,000 za mkonge. Lakini NPF ililipa akiba yote kwa mkupuo. Mzee alinunua bati, akaozesha binti, akabaki na jembe.

Pensheni ya kila mwezi mpaka kufa ilikuja na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, kwa sheria ya 1997. Mtu hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, kwa lazima 60, na anatakiwa awe na michango ya miezi 180. Miaka kumi na mitano! Kwa karani si kitu. Kwa kibarua wa mkonge ni mlima, maana wakati sheria hiyo inapitishwa kamba za nailoni zilikwisha kuyaua mashamba, na mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani kama 20,000. Shamba likifungwa, michango nayo inakatika.

Nauli ya manamba haikufa. Imo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 43: kazi ikikoma mbali na mahali ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako kurudi huko au akulipe gharama, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri. Ni haki nzuri, idai. Ila kifungu kinasema mahali ulipoajiriwa, si kwenu. Mtoto wa Muha aliyezaliwa kambini Ngombezi na kuandikwa kazi hapo hapo hana nauli ya kwenda popote.