Uchezaji masafa: istilahi inayotaja umbali

Ipo huduma inayomwezesha mtu kucheza gemu nzito, ile inayohitaji mashine ya bei kubwa, kwa kutumia simu ya kawaida au kompyuta mpakato iliyochoka. Gemu yenyewe haimo ndani ya simu. Inaendeshwa na seva iliyo katika jengo la mbali. Seva hiyo huchora picha, huzibana na kuzituma kupitia intaneti, na kila mchezaji anapobonyeza kitufe, amri yake husafiri hadi huko ili picha inayofuata ichorwe kwa kuifuata. Katika maandishi ya Kiswahili huduma hii huitwa utiririshaji wa michezo, au michezo ya wingu, au kwa majina yote mawili kwa pamoja. Naona majina haya yanaficha jambo lile lile linaloamua kama huduma itamfaa mtu wa Dodoma, Manyoni au Kondoa, nalo ni umbali kati ya kidole na seva. Ndiyo maana napendekeza tuiite uchezaji masafa.

Neno kutiririsha limekaa vizuri kwenye filamu na muziki. Simu inayoonyesha filamu hupakua sekunde kadhaa za mbele na kuziweka akiba, hivyo mtandao ukiyumba kidogo mtazamaji hata hana habari. Gemu haiwezi kuwa na akiba ya namna hiyo. Katika gemu ya mpira, picha ya nusu sekunde ijayo haijulikani mpaka mchezaji aamue kama anatoa pasi au anapiga shuti, na uamuzi huo lazima kwanza ufike kwenye seva. Kutiririka ni mwendo wa upande mmoja, ilhali hapa kuna kwenda na kurudi mara nyingi katika kila sekunde. Mtu anayeambiwa gemu inatiririshwa kama filamu ana haki ya kudhani kwamba mtandao unaomtosha kuangalia filamu bila kukwama utamtosha pia kucheza. Mara nyingi hautamtosha, na jina la huduma ndilo lililompotosha.

Wingu lina kasoro nyingine. Linadokeza kwamba kitu kiko huko juu, popote pale, na mtumiaji hana haja ya kujua ni wapi. Kwa nyaraka za ofisi hilo halina madhara: mtumishi wa serikali huko Mtumba, Dodoma, akifungua waraka ukachelewa robo sekunde, hapotezi chochote. Gemu inapoteza. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Dodoma hadi London ni zaidi ya kilomita 7,200 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake ni zaidi ya milisekunde 70, na hakuna mkongo ulionyooka hivyo. Data ya Dodoma kwa kawaida huteremka kwanza hadi Dar es Salaam kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kisha huingia baharini kwenye mikongo kama SEACOM, iliyofika mwaka 2009, au EASSy, iliyofuata mwaka 2010. Gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi. Maana yake ni kwamba kabla jibu la kitufe halijarudi, picha nne zimeshapita, na hapo hatujahesabu muda wa seva kuchora na kubana wala wa simu kufumua. Johannesburg, ambako Microsoft ilifungua vituo vyake vya data mwaka 2019, ni nafuu zaidi: kilomita 2,300 na kidogo kwa mstari wa moja kwa moja, au milisekunde 24 kwenda na kurudi. Njia halisi ya mkongo ni ndefu kuliko hiyo. Kwa drafti au gemu za kupanga mikakati hilo halina neno. Kwa mpira na ngumi, vijana watasema inaganda, na watakuwa wamesema kweli.

Hakuna haja ya kuibeza ahadi iliyomo humu, kwa kuwa ni kubwa. Katika mitaa ya Dodoma kama Nkuhungu na Majengo, kijana asiyeweza kununua mashine huenda kwenye kibanda cha gemu na kulipia mechi. Wazo la kulipia matumizi ya mashine ya mwingine analijua tayari. Uchezaji masafa ungempa mashine bora kuliko ya kibandani, bila kuinunua na bila kuibadilisha kila baada ya miaka michache. Tena si gemu peke yake. Teknolojia ile ile inaweza kumpa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma programu ya kuchora majengo au kutengeneza katuni ambayo kompyuta yake haiwezi kuibeba. Hapo naona faida ya kweli, pengine kuliko kwenye michezo yenyewe, kwa sababu mchoraji anaweza kuvumilia ucheleweshaji ambao mcheza mpira hawezi kuuvumilia.

Lakini gharama haifutiki, inahama. Picha zinazoshuka kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde hula gigabaiti 4.5 kwa saa. Jioni moja ya saa mbili ni gigabaiti 9, na mtu wa kawaida huku hununua bando linalopimwa kwa ujazo. Fedha aliyookoa kwenye mashine inarudi kudaiwa kwenye bando, siku baada ya siku.

Umbali kati ya mchezaji na seva ndio pia unaoamua nani ana mamlaka juu ya kile kinacholipiwa. OnLive, iliyoanza Marekani mwaka 2010, ilifungwa Aprili 2015 na gemu za wateja wake zikaondoka nayo. Google ilizindua Stadia Novemba 2019 katika nchi 14, zote za Ulaya na Amerika Kaskazini, ikaizima Januari 18, 2023. Walionunua gemu walirudishiwa fedha, jambo jema ambalo mteja hawezi kulitegemea kwa kila kampuni. Njia yenyewe nayo hukatika. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo, diski iliyo kibandani inaendelea kuchezeka.

Watakaopinga wana hoja za kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba wingu limeshazoeleka na istilahi za kubuniwa hazishiki. Ni kweli kwamba ngamizi na tarakilishi hazikuing'oa kompyuta midomoni mwa Watanzania. Lakini kishikwambi, jina la tableti ambalo wengi walilicheka, lilienea nchi nzima kwa sensa ya Agosti 2022 na kugawiwa kwa vifaa hivyo kwa walimu. Neno hushika linapokuja pamoja na kitu chenyewe mkononi, na huduma hii bado haijawa mikononi mwa wengi wetu. Wakati wa kuchagua jina ni sasa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: umbali unaweza kwisha. Seva za gemu zikiwekwa Dar es Salaam, ambako Kituo cha Taifa cha Data kipo Kijitonyama, safari ya Dodoma itakuwa ya milisekunde chache tu, na istilahi inayotaja umbali itaonekana imepitwa. Sikubali. Masafa hupimika, na Kiswahili kimezoea kuyapima: tunasema masafa mafupi na masafa marefu, na hakuna mtu wa Singida anayehitaji kufafanuliwa mbio za masafa marefu baada ya mkimbiaji wa kwao, Alphonce Simbu, kutwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025. Seva ikiwa Kijitonyama, huo ni uchezaji wa masafa mafupi. Ikiwa London, ni wa masafa marefu. Wingu halikubali kivumishi cha namna hiyo.

Iko pia hoja ya watu wa redio, ambao kwao masafa ni yale yanayogawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa vituo vya utangazaji. Mgongano upo, ila muktadha unautatua, kama unavyofanya kwenye elimu huria na masafa, ambayo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeitoa kwa miaka mingi bila mwanafunzi yeyote kudhani kwamba anasomea mawimbi.

Istilahi hii itahitaji mwenzake. Ule muda kati ya kubonyeza na kuona matokeo huitwa ucheleweshaji, neno linaloleta picha ya uzembe wa mtu fulani, wakati sehemu yake kubwa ni mwendo wa mwanga ambao hakuna fundi wa kuuharakisha. Jina muda wa jibu linatosha. Tangazo la huduma ya namna hii linaloletwa kwa Kiswahili liandike mambo mawili waziwazi: seva iko mji gani, na muda wa jibu kutoka Dodoma ni milisekunde ngapi.