Dada wawili, bahasha moja

Usiku wa Februari 26, 1942, katika Hoteli ya Biltmore jijini Los Angeles, dada wawili wa tumbo moja walikaa meza moja wakisubiri bahasha ifunguliwe. Olivia de Havilland alikuwa na miaka 25. Mdogo wake, Joan Fontaine, 24. Wote waliwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, Olivia kwa filamu ya Hold Back the Dawn, Joan kwa Suspicion ya mwongozaji Alfred Hitchcock. Bette Davis naye alikuwemo kwenye kinyang'anyiro, lakini usiku ule nani alimjali?

Likasomwa jina la Joan. Baadaye alisimulia kwamba aliganda kitini mpaka dada yake alipomwamuru ainuke, na kwamba ugomvi wao wote wa utotoni, hata wa kuvutana nywele, ulimrudia palepale. Ni maneno ya upande mmoja, na Joan hakuwahi kuwa wakili wa dada yake.

Chuki yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko sanamu ile ya Oscar. Walizaliwa Tokyo kwa wazazi Waingereza, wakalelewa California na mama na baba wa kambo. Joan alipotaka kuigiza, Olivia alikuwa ameshajijengea jina katika studio ya filamu ya Warner Bros. Kwa maelezo ya Joan, mama aliamua kwamba de Havilland ni jina la mkubwa. Mdogo akalazimika kujitafutia lake, akaishia kuchukua la baba wa kambo. Mtu aliyenyimwa jina la baba yake, ukimpa Oscar mbele ya aliyeachiwa jina hilo, huwezi kutarajia aipokee kama zawadi tu.

Olivia naye hakukaa akilia. Aliishtaki Warner Bros. kwa kumrefushia mkataba, akashinda mwaka 1944, na hukumu hiyo ikawakomboa waigizaji wengine California. Mimi naihesabu kuwa kubwa kuliko sanamu zake zote. Machi 1947 akatwaa Oscar kwa To Each His Own. Joan akaenda kumpongeza. Olivia akampa mgongo, na mpiga picha alikuwa tayari. Picha hiyo ikawa mtaji wa magazeti kwa miaka. Mwaka 1950 Olivia akaongeza ya pili, kwa The Heiress.

Mama yao alifariki mwaka 1975, na mazungumzo kati ya dada hao yakakatika. Miaka mitatu baadaye Joan alitania kwamba alimtangulia dada yake kuolewa na kupata Oscar, na kwamba akitangulia kufa pia, Olivia atakasirika mno.

Alitangulia kweli, Desemba 2013, akiwa na miaka 96. Olivia alitoa taarifa ya masikitiko kutoka Paris, akaishi huko hadi alipofariki Julai 2020, akiwa na miaka 104.