Jinsi Seva za Wavuti Zilivyojifunza Kukataa

Itifaki ya HTTP, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari cha msomaji na seva inayohifadhi kurasa, ilianza ikiwa na neno moja tu. Katika toleo la kwanza, ambalo Tim Berners-Lee alilieleza mwaka 1991 akiwa katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, kivinjari kilituma mstari mmoja wenye neno GET na anwani ya ukurasa, seva nayo ikarudisha ukurasa huo kisha ikakata mawasiliano. Neno hilo na mengine yaliyoongezwa baadaye yanaweza kuitwa vitenzi vya ombi, kwa kuwa kila kimoja huiagiza seva itende jambo fulani juu ya kitu kilichotajwa.

Wavuti, hata hivyo, haukukusudiwa kuwa wa kusoma peke yake, kwani kivinjari cha kwanza alichokiunda Berners-Lee mwaka 1990 kwenye kompyuta ya NeXT kiliweza pia kuhariri kurasa. Ndiyo maana PUT, kinachoweka faili kwenye seva, na DELETE, kinachoifuta, ambavyo toleo la 1.0 la Mei 1996 lilivitaja katika kiambatisho tu, viliingizwa rasmi katika toleo la 1.1 la Januari 1997 pamoja na TRACE, kinachoiomba seva imrudishie mtumaji ombi lake kama lilivyofika. Mwaka 1999 ukafuata upanuzi wa WebDAV, ulioleta vitenzi vya kunakili, kuhamisha na kufunga faili. Ulikuwa ukarimu wa watu waliofahamiana, na haukudumu ulipokutana na umma wa dunia nzima. Seva ya IIS 5.0 ya Microsoft, iliyokuja na Windows 2000, ilikuwa na WebDAV iliyowashwa tangu kusakinishwa, hata pale ambapo msimamizi hakuwa na habari nayo. Machi 2003 kampuni hiyo ilitoa kiraka cha dharura kwa kasoro ya Windows ambayo wavamizi waliifikia kupitia mlango huohuo, na katika Windows Server 2003 WebDAV ikaja ikiwa imezimwa.

Kisa cha TRACE kinastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu kitenzi hicho hakiandiki wala hakifuti chochote. Mtumiaji anapokwisha kutoa neno lake la siri, seva humpa kuki, yaani kijibarua cha utambulisho ambacho kivinjari hukiambatisha katika kila ombi linalofuata, na anayekiiba anaweza kujifanya mwenye akaunti. Mwaka 2002 Microsoft ilianzisha katika Internet Explorer alama ya HttpOnly, inayokataza msimbo ulio ndani ya ukurasa usisome kuki iliyowekewa alama hiyo. Januari 2003 mtaalamu wa usalama Jeremiah Grossman akaonyesha njia ya kuukwepa ulinzi huo: msimbo uliopenyezwa kwenye ukurasa unakiagiza kivinjari kitume TRACE, kivinjari kinaambatisha kuki kama desturi yake, na seva inarudisha kila ilichopokea, kuki ikiwemo, katika jibu ambalo msimbo unaruhusiwa kulisoma. Seva haikukosea hata kidogo, ilitii tu. Baadaye vivinjari vilikataza msimbo wa kurasa kutuma TRACE, na mwaka 2005 seva ya Apache ikapata agizo la TraceEnable, ambalo humwezesha msimamizi kukizima kwa mstari mmoja.

Kukataa huko hakuvunji itifaki, kwa maana kanuni zake zinaitaka seva ya kawaida ikubali GET na HEAD (kitenzi kinachoomba maelezo ya ukurasa bila maudhui yake) pekee, vingine vyote vikiwa vya hiari. Seva inayokataa hujibu kwa namba 405, ikifuatisha orodha fupi ya vitenzi inavyovikubali kwa anwani hiyo, mfano GET, HEAD na POST (kinachopeleka data kwenye seva), na mazungumzo yakaishia hapo.

Ugumu umo katika namna ya kuliandika katazo lenyewe, na hapa ndipo wasimamizi makini walipoteleza. Seva ya programu ya JBoss ilikuwa na ukurasa wa usimamizi ambao sharti lake la usalama lilidai neno la siri kwa maombi ya GET na POST, vikiwa vimetajwa kwa majina, bila kusema lolote juu ya vitenzi vingine. Mvamizi alituma HEAD; sharti halikukigusa, lakini programu iliyokuwa nyuma yake ilikishughulikia kama GET, ikatekeleza agizo lote kisha ikaficha maudhui tu, na kwa njia hiyo programu ngeni iliweza kuwekwa kwenye seva bila neno la siri kuulizwa. Kampuni ya Red Hat ilitoa marekebisho Aprili 2010, na tiba yake ilikuwa kuondoa mistari miwili iliyotaja GET na POST, ili sharti likibaki bila majina lishike kila kitenzi, kiwe kinajulikana au hakijatungwa bado. Oktoba 2011 mnyoo wa kompyuta ulikuwa ukienea kwa kutafuta seva za JBoss ambazo mistari hiyo miwili ilikuwa bado imo.